Harold Black: Msee wa Feri Aliyefanya Ngoma Yako Isikike Safi

Cheki hii picha. Ni Jumanne asubuhi, tarehe 2 Agosti 1927. Feri ya Lackawanna inakata mto Hudson kutoka New Jersey ikielekea Manhattan, New York. Ndani kuna msee wa miaka 29 anaitwa Harold Black. Anaenda job kama siku zingine zote. Mara paap, kitu kinamwakia kichwani. Hana daftari, kwa hivyo anashika gazeti lake, New York Times ya siku hiyo, anatafuta ukurasa wenye nafasi tupu, anachora kamchoro na kuandika hesabu chache. Anaweka sahihi yake na tarehe.

Hiyo karatasi ya gazeti ndiyo sababu woofa ya kwa keja yako inapiga bila kukwaruza. Ndiyo sababu pia earphone zako ziko fiti, redio ya buda wako inaongea vizuri, na ile mathree unayopanda jioni inaweza kudunda besi mpaka kioo kitetemeke na bado uskie maneno ya ngoma. Wahandisi wa dunia nzima wanamjua Black. Wewe umetumia kazi yake kila siku, pengine bila kujua jina. Leo unapata stori yake yote, na pia utaona venye ile idea yake inaishi ndani ya transista hadi wa leo.

Kijana aliyerukwa na nyongeza

Harold Stephen Black alizaliwa tarehe 14 Aprili 1898 huko Leominster, mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme kwenye chuo cha Worcester Polytechnic Institute, akamaliza 1921. Mwaka huo huo akapata kazi Western Electric, kampuni iliyokuwa inaunda vifaa vya simu vya Bell System. Ofisi yao ya utafiti ilikuwa West Street, Manhattan. Ikifika 1925, hiyo maabara ikageuzwa kuwa Bell Telephone Laboratories, ile dunia inaijua kama Bell Labs.

Usidhani aliingia na kishindo. Baada ya miezi michache, wenzake walioajiriwa pamoja naye wakaongezwa doh. Yeye akarukwa. Si unajua venye hiyo huuma? Alikasirika kabisa, akaamua anaacha kazi. Lakini alilala nayo, na kulipokucha akabadilisha mawazo. Badala ya kutoka, akaamua kuijua hiyo kampuni kuanzia chini hadi juu. Akaanza kuingia ofisini Jumapili, wakati wengine wamepumzika, akisoma memo za miaka ya nyuma moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemtuma.

Huko kwa mafaili ndiko alikoelewa kile kitu kilikuwa kinanyima kampuni usingizi.

Shida ilikuwa sauti inayosafiri mbali

Mnamo 1915 Marekani ilifungua laini ya simu kutoka New York hadi San Francisco. Hiyo ni zaidi ya kilomita 5,000 za waya. Sauti ikipita kwenye waya mrefu namna hiyo inadhoofika, kama msee anayekuita kutoka ng'ambo ya uwanja. Kwa hivyo njiani lazima uweke amplifaya, mashine ya kuchukua sauti ndogo na kuikuza. Siku hizo transista hazikuwepo. Walitumia tyubu za glasi zilizotolewa hewa ndani, zile zinazowaka kama balbu.

Shida ni kwamba hakuna amplifaya iliyo nyoofu kabisa. Inakuza sauti, lakini pia inaikunja kidogo na kuongeza vitu ambavyo havikuwepo. Moja ikikosea kidogo hautagundua. Sasa weka nyingi kwenye laini moja, kila moja ikikuza makosa ya iliyotangulia. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Ukifika ya kumi, ile sura kwa kitambulisho haijulikani ni ya nani.

Na haikuishia hapo. Kampuni ilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwenye laini moja kwa wakati mmoja. Amplifaya ikiwa mbovu, mazungumzo yanachanganyikana. Unapigia mama yako na unaskia watu wawili msiojuana wakibonga biashara zao. Juu ya hiyo, tyubu zilikuwa zinazeeka na bateri zinabadilika nguvu, kwa hivyo amplifaya iliyopimwa vizuri asubuhi inaweza kuwa tofauti jioni.

Wahandisi wengi walikuwa wanafuata njia moja tu: kutengeneza tyubu bora zaidi. Black pia alianzia hapo, na akagonga ukuta.

Jaribio la kwanza: fiti kwa karatasi, noma kwa kazi

Machi 1923 Black alienda kumsikiliza Charles Steinmetz, mmoja wa majina makubwa ya umeme enzi hizo. Alichobeba kutoka hapo ni namna ya kurudisha tatizo kwa msingi wake. Usiku huo akageuza swali. Kama amplifaya haiwezi kuwa kamilifu, wacha iwe mbovu. Kazi ni kutafuta makosa yake na kuyaondoa.

Akaunda saketi inayolinganisha sauti iliyotoka na ile iliyoingia. Tofauti kati yao ndiyo makosa. Hayo makosa yakakuzwa na amplifaya ya pili, halafu yakatolewa kwenye sauti ya mwisho. Ilifanya kazi. Lakini lazima hizo sehemu mbili zilingane kabisa kila wakati, na zilikuwa zinapotea njia haraka sana hivi kwamba mtu alihitajika kuzirekebisha kila saa, usiku na mchana. Fikiria laini ya kilomita elfu tano, na msee amekaa kwa kila kituo akizungusha kinobu. Haiwezekani.

Black alisota na hiyo shida kwa miaka 4 zaidi. Halafu ikaja ile asubuhi ya feri.

Idea yenyewe: toa kelele kwa kujinyima nguvu

Hapa ndipo stori inakuwa tamu, kwa hivyo kaa rada.

Wazo la Black lilikuwa hili. Tengeneza amplifaya yenye nguvu kupita kiasi, zaidi ya ile unayohitaji. Halafu chukua kasehemu kadogo ka sauti inayotoka, ukageuze juu chini, ukarudishe mlangoni ili kapingane na sauti inayoingia. Kwa Kiswahili cha vitabu hiyo ni mrejesho hasi.

Ukiisikia mara ya kwanza inakaa ujinga. Umetoka kutafuta nguvu, sasa unaitupa? Lakini angalia hesabu.

Tuseme amplifaya yako inakuza mara 100,000. Unarudisha sehemu moja ya mia ya kile kinachotoka. Ukipiga hesabu, mashine nzima sasa inakuza karibu mara 99.9. Umepoteza nguvu mob sana, sawa. Sasa tuseme tyubu imezeeka na ule ukuzaji wa ndani umeanguka nusu, kutoka 100,000 hadi 50,000. Bila mrejesho, sauti yako imekatwa nusu. Ukiwa na mrejesho, mashine nzima inakuza mara 99.8. Nusu ya nguvu imeenda na hakuna mtu ameskia tofauti.

Ujanja ni kwamba sasa ukuzaji hauamuliwi na tyubu isiyoaminika. Unaamuliwa na ile njia ya kurudisha, ambayo ni rezista na vitu vingine vya kawaida visivyobadilika ovyo. Na makosa yanayozaliwa ndani ya amplifaya yanarudi mlangoni yakiwa yamegeuzwa, yanajifuta yenyewe karibu yote. Hakuna haja ya msee wa kuzungusha kinobu.

Feri ilipofika Manhattan, Black alienda moja kwa moja ofisini akamwonyesha mwenzake, ambaye alielewa na kuweka sahihi ya ushahidi kwenye lile gazeti. Ilipofika tarehe 29 Desemba 1927, amplifaya ya majaribio ilikuwa mezani. Makosa ya sauti yalipungua mara 100,000.

Miaka 9 ya kungoja patenti

Ungefikiria kesho yake angebebwa juu juu. Wapi! Mkuu mmoja wa kazini hakuikubali hiyo idea, akamwambia arudi kuunda amplifaya za kawaida. Ombi la patenti liliingia ofisi ya serikali ya Marekani Agosti 1928. Patenti yenyewe, namba 2,102,671, ilitoka tarehe 21 Desemba 1937. Hiyo ni zaidi ya miaka 9. Sababu moja ni kwamba waliokuwa wanaikagua hawakuamini. Kila kitu walichojua kilisema ukirudisha sauti mlangoni, amplifaya lazima ipige nduru. Huko Uingereza ombi lake lilichukuliwa kama yale ya watu wanaodai wameunda mashine inayojiendesha milele bila nguvu.

Black hakukaa akilia. Yeye na wenzake walikuwa tayari wanajenga. Mnamo 1930 amplifaya za mrejesho hasi zilijaribiwa kwenye laini ya majaribio huko Morristown, New Jersey, na 1934 akachapisha kazi yake wahandisi wote waisome. Kufikia siku serikali ilipogonga muhuri, kitu walichokishuku kilikuwa kinafanya kazi.

Waliosema itapiga nduru hawakuwa wamekosea kabisa

Hapa tuwe wakweli. Ushawahi kuwa kwa kanisa ama kwa rally, mtu akasogeza maiki karibu na spika, ikalia piiiii mpaka watu wakaziba maskio? Hiyo ni sauti inayotoka ikirudi mlangoni na kujiongeza, raundi baada ya raundi.

Mrejesho wa Black unafaa kupinga, si kuongeza. Lakini sauti huchukua muda kupita ndani ya saketi. Kwa sauti za chini huo muda ni kitu bure. Kwa zile za juu sana, sauti inaweza kurudi ikiwa imechelewa kiasi kwamba badala ya kupinga, inasukuma. Na kama amplifaya bado ina nguvu hapo, basi inaanza kupiga nduru yenyewe.

Mwenzake Black pale Bell Labs, Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden, alitoa jibu 1932. Alionyesha namna ya kupima saketi na kujua mapema kama itatulia ama italia. Mwingine wa hapo hapo, Hendrik Bode, akaonyesha namna ya kuipanga iwe na akiba ya usalama. Kwa lugha rahisi: hakikisha ukuzaji wa raundi nzima, amplifaya pamoja na njia ya kurudisha, umeshuka chini ya mara moja kabla ucheleweshaji haujageuza kupinga kuwa kusukuma. Ndiyo maana ukifungua amplifaya ya kisasa unapata kakapasita kadogo kamewekwa makusudi kupunguza nguvu za sauti za juu kabisa. Fundi akikatoa akidhani ni takataka, mashine inaweza kuanza kuchemka bila hata kupiga ngoma.

Halafu transista ikaingia

Mnamo Desemba 1947, kwenye maabara za Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain waliwasha transista ya kwanza, wakiwa kwenye kikundi cha William Shockley. Watatu hao walipata tuzo ya Nobel 1956. Transista ilikuwa ndogo na haikuhitaji kuwashwa moto kama tyubu. Lakini ilikuja na tabia zake mbaya, na dawa ilikuwa ile ile ya Black.

Transista ya kawaida ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Mkondo mdogo ukiingia kwa beisi unafungulia mkondo mkubwa kati ya kolekta na emita, kama kavalvu kadogo kanaofungulia bomba kubwa. Kuna njia tatu za kuipanga, kulingana na mguu gani unatumiwa kwa pamoja na pande zote mbili, ya kuingia na ya kutoka.

Ukifanya emita iwe ya pamoja, unapata ukuzaji mkubwa wa volteji, na sauti inatoka imegeuzwa juu chini. Hii ndiyo inatumika sana. Ukifanya kolekta iwe ya pamoja, volteji haikui, lakini unapata misuli ya kusukuma mzigo mzito kama spika. Hiyo hukaa mwisho wa amplifaya. Ukifanya beisi iwe ya pamoja, inafaa kwa masafa ya juu, kama kazi za redio.

Sasa tabia mbaya ni zipi? Kwanza, transista mbili za namba moja hazifanani. Chukua BC547, ile fundi yeyote anaijua. Kulingana na kundi lake, inaweza kukuza mkondo mara 110, na nyingine ikafika 800. Ukipanga saketi ukitegemea hiyo namba, moja itafanya kazi na dada yake itakataa.

Pili ni joto. Kila nyuzi moja ya joto ikipanda, volteji inayohitajika kuifungua transista inashuka kwa karibu milivolti 2. Maana yake, ikipata joto inapitisha mkondo zaidi. Mkondo zaidi unaleta joto zaidi. Joto zaidi, mkondo zaidi. Kama hakuna kinachoizuia, inazunguka hivyo mpaka unaskia harufu. Amplifaya nyingi zimekufa kifo hicho zikiwa zimefungiwa chini ya kiti mahali hakuna hewa.

Dawa ni rezista moja ya shilingi chache, ikae chini ya emita. Halafu beisi unaishikilia kwa rezista mbili zinazogawa volteji, ili isitikisike. Sasa angalia kinachofanyika. Transista ikipata joto, mkondo unapanda. Mkondo ukipanda, volteji juu ya ile rezista ya emita inapanda pia. Kwa sababu beisi imeshikiliwa mahali pamoja, tofauti kati ya beisi na emita inapungua. Ikipungua, transista inajifunga kidogo, na mkondo unarudi chini. Imejituliza yenyewe.

Umeona? Kinachotoka kimerudi kupinga kinachoingia. Ni ule mchoro wa kwa gazeti, tena kwa rezista moja tu.

Na kama kawaida ya Black, unalipa kwa nguvu. Ukuzaji wa volteji sasa ni karibu rezista ya kolekta ukigawanya na ya emita. Ukiweka ya kilo-omu 4.7 juu na ya omu 470 chini, unapata karibu mara 10, haijalishi sana transista ni ipi. Ukitaka nguvu zaidi bila kupoteza utulivu, unaweka kapasita sambamba na rezista ya emita. Sauti inapita kwa kapasita bila kupingwa, lakini yale mabadiliko ya polepole ya joto yanabaki yakidhibitiwa na rezista. Sasa ukifungua amplifaya ukaona hiyo jozi imesimama pamoja, utajua kazi yake.

Mwisho wa safari

Black aliendelea kuchapa kazi Bell Labs mpaka 1963, akiwa ameandika kitabu kuhusu namna ya kupakia ujumbe kwenye mawimbi na kufanya kazi ya kugeuza sauti kuwa namba, njia ambayo simu yako inatumia leo. Alikuwa na patenti zaidi ya 60 za Marekani peke yake. Mnamo 1957 alipewa nishani ya Lamme, na 1981 jina lake likaingia kwenye ukumbi wa heshima wa wavumbuzi wa Marekani. Alifariki tarehe 11 Desemba 1983 huko New Jersey, akiwa na miaka 85. Nobel hakupata.

Fikiria kama yule kijana aliyerukwa na nyongeza angebeba mkoba wake na kuondoka. Pengine mtu mwingine angefika hapo siku moja, pengine angechelewa. Lakini aliyefika ni yule aliyekuwa anasoma memo Jumapili wakati hakuna anayemwona.

Sasa usiku ukiwasha woofa na ngoma iingie safi, jua ndani kuna sauti ndogo inarudishwa nyuma kila wakati kurekebisha kubwa. Na ukiwa na amplifaya mbovu imelala chini ya kitanda, kabla uipeleke kwa fundi ama uitupe, chomoa stima, ingoje ipoe, halafu fungua utafute hiyo rezista ya emita. Mara nyingine iliyoungua ni hiyo tu.